Sinema ya Kotile na mlango wa pili

Msomaji wangu, kazi hii ya kalamu huniletea wageni wa kila namna. Yuko anayetaka nimtungie shairi la arusi, yuko anayetaka nimsomee utenzi wa babu yake ulioliwa na mchwa, na yuko anayetaka nimwandikie mdai wake barua ya kuomba muhula. Lakini nilikuwa sijapata kuombwa lile nililoombwa mwezi wa Julai 2024 na kijana mmoja wa Kotile, mwanafunzi wa mambo ya biashara, aliyepata kusikia kwamba katika ujana wangu nilifanya kazi kwenye jumba la sinema. Aliniletea maneno kwa simu: "Adeer, nimefungua nyumba ya picha kwetu. Mashine ninaijua, lakini umeneja sijafunzwa na mtu. Njoo unifunze."

Adeer ni ami kwa lugha ya Kisomali. Mtu akishakuita ami huna tena pa kukimbilia. Mwezi wa Agosti nilipanda basi Mombasa, nikapita Malindi na Garsen, nikaufuata mto Tana kwenda juu mpaka nikafika kwa mwenyeji wangu nikiwa na vumbi hata kwenye nyusi.

Kotile, kwa asiyepajua, ni mji mdogo wa kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa mto, katika nchi ya Ijara. Ni nchi ya wafugaji, na jirani yake iko hifadhi ya Ishaqbini, ambayo wenyeji waliitenga ili kumlinda hirola, mnyama wa jamii ya paa ambaye asili yake ni mpaka wa Kenya na Somalia na hapana kwengine duniani. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliitesa sana nchi yote ya mto Tana, na kila niliyeamkiana naye alikuwa na habari ya kitu kilichokwenda na maji. Katika hali hiyo, nilijiuliza njiani, nani ana haja ya sinema?

Jawabu nililipata jioni ile ile.

MWANAFUNZI NA JUMBA LAKE

Jumba lenyewe lilikuwa duka la mabati la kupanga, refu kama mashua, na ndani yake mabao ya kukalia yapata watu sitini. Mbele limetandikwa shuka jeupe, nyuma iko meza yenye kompyuta na projekta ndogo, na umeme ulitoka kwenye sola na betri mbili. Jioni ile palionyeshwa mpira, kisha picha ya mapigano iliyotiwa maneno ya Kiswahili na yule DJ Afro ambaye sauti yake imeingia katika vibanda vya Kenya nzima. Nikaona vijana waliochunga jua kutwa wakicheka mpaka wakishikana mabega. Nikaona mzee mmoja, aliyesema amekuja kumtafuta mwanawe, akikaa akasahau kumtafuta.

Nilimwuliza kijana wangu fikira hii ameitoa wapi. Akaniambia ameitoa Mogadishu. Jumba la Taifa la michezo la Mogadishu, zawadi ya Wachina ya mwaka 1967, liliharibika katika vita, likajengwa upya, na usiku wa tarehe 22 Septemba 2021 likaonyesha picha mbili za mtengenezaji wa Kisomali, Ibrahim CM. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda wa miaka thelathini watu kukaa pamoja mjini humo kuangalia sinema. Kijana alizisoma habari hizo akiwa chuoni Garissa, na alijua pia kwamba katika kambi za Dadaab, ndani ya kaunti yake mwenyewe, shirika la FilmAid liliwahi kuonyesha picha uwanjani usiku, na kuwafunza vijana wa wakimbizi kupiga filamu. "Nikasema, adeer, ikiwa Mogadishu wamekaa wakaangalia, na Dadaab wamekaa wakaangalia, Kotile kuna nini?"

Daftari lake lilikuwa safi. Siku ngapi, watu wangapi, shilingi ngapi, mafuta ya jenereta ya akiba kiasi gani. Nikamsifu. Kisha nikamwuliza: "Na wewe hukaa wapi picha ikianza?"

Akanionyesha. Hukaa nje, kwenye kiti, ameuegemea mlango. Mlango ule ulikuwa mmoja tu, na nje yake ulikuwa na komeo na kufuli. Picha ikishaanza hulitia kufuli, ili watoto wasiolipa wasipenye na mwangaza usiingie. Alinieleza hayo kwa furaha, kama mtu anayeonyesha hila yake ya biashara. Mimi maneno yalinikauka. Nilimwomba maji ya kunywa, nikaenda kulala mapema.

UBAO WA MAALIM

Sasa, msomaji, nipe ruhusa nirudi nyuma.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha tatu mjini Mombasa. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mama akipika mahamri ya kuuza. Likizo zikifika nilitafuta kibarua, na mjomba wangu akanipeleka kwenye jumba moja la sinema, ambalo jina lake naliacha, akaniweka mikononi mwa meneja. Alikuwa mzee wa Kimvita, kofia yake ya kiua haitoki kichwani, na watu wote walimwita Maalim ijapokuwa hakupata kusomesha chuo hata siku moja.

Mombasa ilisifika kwa majumba yake: Regal, Majestic, Naaz, Kenya na mengine. Unguja nao walikuwa na Royal, lililojengwa Vuga mwaka 1921, na lilipoungua likasimama Majestic mahali pake mwaka 1955. Dar es Salaam walifungua Drive-in mwaka 1966, mtu akiangalia picha ndani ya gari lake. Picha za Kihindi zilitawala pwani nzima. Watu wasiojua neno la Kihindi waliziimba nyimbo za Awara tangu mwanzo hata mwisho, na waimbaji wetu wa taarabu, marehemu Juma Bhalo akiwa mbele yao, walijipatia jina kwa kuyavisha mashairi ya Kiswahili mahadhi ya Kihindi. Lakini nilipoingia mimi kazini, video ilikuwa imeshaanza kuzila sinema kidogo kidogo, na Maalim alijua. Alinifunza kazi ambayo yeye mwenyewe aliiona inakwenda zake.

Siku ya kwanza alinipa fagio. Siku ya pili akaniambia nikalie viti vyote vya chini, kimoja kimoja, nimweleze kipi kina msumari, kipi kinalia, na kipi kimezibwa na nguzo. Vilikuwa mia nne na zaidi. Nilipomaliza akaniambia nikae juu. Ilinichukua wiki. "Utamuuziaje mtu kiti usichokijua?" akasema.

Kisha tikiti. Kila kitabu kina nambari zake, nusu hubaki mlangoni na nusu hwenda na mwenyewe, na usiku hesabu ya nusu hizo, hesabu ya fedha na hesabu ya kodi ya serikali lazima zikutane kabla mtu hajakwenda kulala. Akanifunza kuwatambua walanguzi, wale wanaonunua tikiti kumi wakati wa alasiri ili waziuze usiku kwa bei ya kuruka. Akanifunza kuipanga wiki: picha ya mapigano siku gani, picha ya machozi siku gani, na kipindi cha akina mama peke yao, alasiri, ambapo hata wauza karanga tulihakikisha ni wanawake. Mama zetu waliingia kwa mabuibui yao, wakakaa kwa nafasi, wakalia kwa sauti, na hapana mwanamume aliyewaona.

Na wakati. Maalim hakuanza picha yoyote ambayo mapumziko yake yangekaribiana na adhana ya magharibi bila kuwapa watu muda wa kuswali. Aliipima picha kabla ya kuitangaza. Reli moja kubwa huchukua dakika ishirini hivi, na picha ya Kihindi ina reli nyingi. Mashine zilikuwa mbili, na fundi alingoja nukta ndogo itokee juu pembeni, mkono wa kulia wa picha. Ya kwanza ni kuianzisha mashine ya pili, na ya pili, baada ya sekunde chache tu, ni kuhama. Mtazamaji hakujua lolote. "Kazi yetu ikiwa nzuri," Maalim alizoea kusema, "haionekani."

Nilikuwa na baiskeli, na kwa hiyo nilipewa kazi niliyoipenda kuliko zote. Nakala moja ya picha mara nyingi ilionyeshwa katika majumba mawili usiku mmoja. Jumba la kwanza likianza mapema, na reli yake ikimalizika, mimi huitia katika kopo lake, nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikaikimbiza kwenye jumba la pili. Nikichelewa, watu mia nne hukaa gizani wakipiga miluzi. Sijapata tena kazi yenye shangwe kama ile.

Nyuma ya dirisha la tikiti Maalim alikuwa amebandika kipande cha gazeti kilichogeuka rangi. Kilikuwa na habari ya sinema Rex ya mji wa Abadan, nchini Iran, iliyotiwa moto tarehe 19 Agosti 1978, katika mwezi wa Ramadhani. Mamia ya watu waliteketea, kwani milango ilikuwa imefungwa. Nilikisoma kila siku nikingojea wanunuzi. Nilikijua kwa moyo kama sura fupi za juzuu amma.

Na bado nilifanya niliyoyafanya.

IDD YA 1986

Ilikuwa Idd-ul-Hajj, mwezi wa Agosti. Tulikuwa na Coolie, picha ya mwaka 1983 ambayo haikuchoka. Amitabh Bachchan ni Iqbal, mchukuzi wa stesheni, na beji yake ina nambari 786, ambayo Waislamu wengi huihesabu kwa Bismillahi. Isitoshe, kila mtu alijua kwamba Amitabh alipoipiga picha hiyo mwaka 1982 aliumia vibaya, karibu afe. Watu walijaa hata barabarani, watoto wamevaa nguo mpya na mifuko ina fedha za Idd.

Jumba letu lilikuwa na mlango wa pembeni uliotokea kichochoroni. Vijana waliokuwa ndani waliufungua kwa ndani wakawaingiza wenzao. Niliwatoa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimechoka. Maalim alikuwa mbele akishindana na walanguzi. Nikachukua kufuli la baiskeli yangu, nikalipitisha kwenye mikono miwili ya mlango ule kwa upande wa nje, nikalifunga. Kisha nikaenda zangu kuchukua reli.

Niliporudi nilisikia ukelele kabla sijashuka kwenye baiskeli. Reli moja ilikuwa imechanika matundu, ikakwama mbele ya taa ya mashine. Filamu za wakati ule hazikuwa zile za zamani zinazolipuka kama baruti, lakini ikikwama mbele ya taa huyeyuka, na watu huiona ikitokota juu ya pazia, kubwa kama nyumba, na harufu hushuka chini. Mtu mmoja akapiga kelele, "Moto!" Fundi aliizima taa mara moja, na moto wenyewe haukuwako. Lakini nani atamwambia hivyo mtu aliye gizani na mtoto mkononi?

Waliokuwa karibu na mlango wa pembeni waliukimbilia. Haukufunguka. Waliokuwa nyuma yao wakazidi kusukuma. Maalim alikuja mbio kwa kichochoroni na nondo, akaivunja mikono ya mlango, watu wakamwagika nje kama mchele kwenye gunia lililopasuka. Mungu alituhurumia, hapana aliyekufa. Mtoto mmoja wa yapata miaka kumi alivunjika mkono. Nilimwona akikaa juu ya ukingo, kanzu yake mpya imechanika, halii, anautazama mkono wake kama si wake. Mpaka leo namwona.

Kesho yake mwenye jumba aliuliza nani aliyefunga mlango. Maalim akasema, "Jumba lina meneja mmoja." Mwisho wa mwezi aliondoka kazini. Mimi nilikuwapo pale, nimesimama nyuma ya mlango wa ofisi, na sikusema neno.

Nilisema miaka kumi na miwili baadaye. Mwaka 1998 nilimwendea nyumbani kwake Mji wa Kale, macho yake yameshaingia ukungu, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kufuli lile lilikuwa la baiskeli, na mwenye baiskeli pale alikuwa wewe peke yako." Akaniuliza hali ya watoto wangu, akaagiza kahawa. Mwenyezi Mungu amrehemu na ailaze roho yake mahali pema.

SWALI LA MZEE

Turudi Kotile. Asubuhi nilimhadithia kijana kisa hiki chote, tukiwa tumekaa kwenye mabao yake, mbele ya shuka lake jeupe. Nikamwambia: huwezi kuonyesha picha tena mpaka utoboe mlango wa pili, na komeo la nje uling'oe leo.

Hakuruka kwa furaha. Na alikuwa na haki. Mwenye duka hataki mabati yake yakatwe, na nyuma ya ukuta ule amejenga zizi la mbuzi. Ligi ya Uingereza ndiyo kwanza inaanza, na siku za mpira ndizo siku za mapato. "Adeer," akaniambia, "karo yangu ya Septemba imo ndani ya nyumba hii. Nikifunga wiki tatu, sirudi chuoni."

Nini ningemjibu? Ni rahisi kwa mtu wa miaka hamsini na mitano, aliyekula chakula chake, kumwambia kijana atupe karo yake kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisitokee. Mimi mwenyewe nilifunga mlango kwa ajili ya shilingi chache zisizo zangu. Nikamwambia: "Sikuamuru. Nimekueleza nilichokiona." Akanyamaza kutwa nzima. Jioni watu walipokuja aliwaambia hapana picha, mpaka atakapowaita. Lile komeo alilitia mfukoni.

Tulikuwa bado na jambo jengine. Wazee wa mji walikuwa hawajairidhia nyumba ile. Tuliitwa kwa mzee mmoja mwenye kuheshimiwa, tukanyweshwa chai ya maziwa yenye iliki. Watoto wa duksi walikuwa wakisoma jirani, na niliposikia sauti zao nikaziona mbao zao za kuandikia, niliona ni zile zile tulizosomea sisi chuoni pwani. Nikampa mzee habari hizo, tukaelewana kidogo. Kisha nikataka kuonyesha elimu yangu. Nikamwambia kwamba hata Saudia, ambako majumba ya sinema yalifungwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, jumba la kwanza lilifunguliwa Riyadh mwezi wa Aprili 2018.

Mzee akaniangalia kwa upole. "Mimi sikukuuliza Riyadh," akasema. "Nakuuliza Kotile. Mtoto wangu akiingia mle, anaona nini, anatoka saa ngapi, na akidhurika namshika nani?"

Wallahi sijapata kusikia kazi ya meneja wa sinema ikielezwa vizuri kuliko vile. Maswali yale matatu ndiyo yote aliyonifunza Maalim kwa fagio, kwa tikiti na kwa saa yake.

Kijana alijibu mwenyewe, mimi nikanyamaza. Juu ya kinachoonekana, alisema atashika sheria: sheria ya filamu na michezo, Sura ya 222, na vyeo vinavyotolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, yaani GE kwa watu wote, PG kwa watoto wenye uongozi wa wazazi, 16, na 18. Picha ya 18 hataionyesha kabisa, na kila picha ataiangalia mwenyewe kwanza, peke yake, mwanzo hata mwisho. Tena atatafuta ruhusa ya picha anazozionyesha, kwani kuonyesha picha ya mtu bila idhini yake ni kula mali ya mtu. Hapo nilimkazia, maana sisi watungaji tunaijua njaa ya wizi huo. Juu ya saa, alisema hapana picha wakati wa magharibi na isha, na watoto wa shule watatoka kabla ya usiku.

Juu ya swali la tatu alitia mkono mfukoni, akalitoa lile komeo na kufuli lake, akaviweka mbele ya mzee. "Nimefunga nyumba," akasema, "kwa sababu ina mlango mmoja. Nikiifungua itakuwa na miwili, na atakayeshikwa ni mimi."

Mzee aliligeuzageuza komeo lile mkononi. Akauliza kwa nini. Kijana akamweleza, kwa Kisomali, kisa cha mtoto wa Mombasa na mkono wake. Sikufahamu kila neno, lakini nilifahamu alipofika kwenye kufuli, kwani mzee aliinua macho akanitazama mimi. Sikuweza kumtazama.

MLANGO WA PILI

Mzee yule ndiye aliyekwenda kwa mwenye duka. Walizungumza nini sijui, lakini zizi lilihamishwa hatua kumi, na fundi wa mabati akaja. Mlango wa pili ulitobolewa upande wa pili wa nyumba, unafunguka kwa nje, hauna kufuli wala komeo ila kipande cha mti ambacho mtoto anaweza kukisukuma. Hapo ndipo watu wa Kotile walipoanza kuuliza kwa nini, na kila aliyeelezwa alimweleza mwenziwe.

Kazi ile ilikula wiki tano badala ya tatu. Karo haikupatikana, na kijana hakurudi chuoni muhula ule. Nayaandika haya ili msomaji asidhani kwamba jambo la haki halina gharama. Aliyelipa ni yeye, kwa muhula mzima wa maisha yake, na mimi niliyempa shauri nilirudi Mombasa nikaendelea na kalamu yangu.

Nilirudi Kotile mwezi wa Januari 2025. Jumba lilikuwa limepakwa chokaa. Tikiti zilikuwa na nambari, na nusu zake zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Watoto bado walipenya kwa mlango wa pili, hakika, na kijana alikuwa ameweka mtu wa kuukalia, binamu yake, ambaye huwaachilia wawili watatu wasio na kitu kisha huwapa kazi ya kufagia. Alipiga hesabu mbele yangu: wapenyaji humpotezea mapato kidogo, lakini watu wazima waliokuwa hawaji sasa wanaja.

Na Alhamisi alasiri ilikuwa ya akina mama. Sikuingia, bila shaka. Mimi na kijana tulikaa mbali, chini ya mti, shangazi yake ndiye aliyekuwa akisimamia mlango na mashine kwa siku hiyo. Walikuwa wakiangalia The Message, ile picha ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 juu ya mwanzo wa Uislamu, ambamo Mtume, rehema na amani zimshukie, haonekani wala sauti yake haisikiki, na Anthony Quinn ni Hamza. Picha hiyo ilipigwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu kwa wachezaji mbalimbali, na kijana alikuwa ameichagua ya Kiarabu. Kwa mbali tulisikia kimya kikubwa, kisha sauti nyingi pamoja, tukajua wamefika mahali pa Uhud.

"Unawasikia?" akaniuliza.

Nikamwambia nawasikia. Sikumwambia kwamba macho yangu wakati wote yalikuwa kwenye mlango wa nyuma, uliokuwa wazi nusu, unapepea.

Kabla ya kuondoka aliniomba kitu cha kuandika juu ya ubao, akiweke karibu na meza ya tikiti. Wahenga wamesema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, nami sikuwa mhunzi wa sinema, lakini niliwahi kuvukuta kwa aliye mhunzi. Nikamwandikia hivi:

Mlango huu amana, usifungie wenzako,
Gizani hawatoona, mashaka yao ni yako,
Fedha hutafutwa sana, sanda haina mfuko,
Mwanangu shika dhamana, milango iwe miwili.

Aliusoma mara mbili, akautundika. Kisha akatazama saa, akaniomba radhi, akaenda kuangalia kiti kimoja ambacho shangazi yake alisema kina msumari.